Maua Saba: Mkono wa Kushoto

"Hiyo blauzi ni yangu."

Maneno hayo ndiyo tuliyoachana nayo wiki iliyopita. Yalitoka safu ya tatu, katika ukumbi wa maonyesho mjini Suceava, kule Romania, kinywani mwa bibi kizee aliyevaa koti jeusi, na Rusanda alikuwa jukwaani ameshika kipaza sauti asijue akiweke wapi. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wapo waliosema bibi yule ni kichaa. Wapo walioapa ametumwa na washindani. Nyote mmekosa, sasa tulieni.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitasema haraka. Rusanda ana miaka ishirini na sita, ni mbunifu wa mavazi kutoka kijiji cha Brădeni, na biashara yake inaitwa Maua Saba. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na cherehani moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Akapiga picha mkono mmoja wa blauzi ya bibi yake Saveta, wenye maua saba meusi yaliyotariziwa kuanzia begani mpaka karibu na kifundo cha mkono. Chini ya picha akaandika kisa: bibi yake aliyatarizi akimsubiri mchumba wake Toader, aliyefungwa kwa kukataa kutoa shamba lake liingizwe katika shamba la pamoja. Kila ua ni barua moja iliyofika kutoka gerezani.

Watu walilia, kisha wakanunua. Leo wanawake kumi na watatu wa Brădeni wanamtarizia. Kila blauzi inatoka na kikaratasi ambacho mtarizi ameandika kwa mkono wake mwenyewe yaliyotokea nyumbani siku alizokuwa akiishona. Ng'ombe amezaa. Mkwe amenuna. Kuna wateja wanaovitunza vikaratasi hivyo kuliko blauzi. Na jioni ya siku ile ya maonyesho, saa kumi na mbili kamili, Rusanda alikuwa atie sahihi mkataba na Bwana Casian, mwenye maduka katika miji arobaini.

Ndipo bibi akasimama.

"Mtoeni huyo," Bwana Casian alisema, bila hata kugeuza kichwa.

Walinzi wawili wakasogea. Rusanda akaruka kutoka jukwaani, na viatu vyake vya visigino virefu, akasimama kati yao na yule bibi.

"Asiguswe. Bibi, jina lako nani?"

"Zamfira. Wa Brădeni, zamani."

"Blauzi ipi ni yako? Hapa ziko kumi na mbili."

"Zote," alisema Zamfira. "Mpwa wangu ameniletea moja Pasaka hii. Kaifunga kwa utepe. Kanizawadia blauzi yangu mwenyewe."

Ukumbi ukacheka. Zamfira hakucheka. Alifungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja, taratibu, akalivua. Ndani alikuwa amevaa blauzi iliyogeuka rangi ya siagi kwa uzee, na mkono wake wa kulia ulikuwa na maua saba meusi. Kicheko kikaishia hapohapo.

"Hesabu petali za ua la nne," alisema.

Rusanda hakuhitaji kuhesabu. Ua la nne lina petali tano badala ya sita. Anazijua, maana kila blauzi ya Maua Saba ina pengo hilo.

"Kwenye lebo yako umeandika nini juu ya hiyo petali?"

"Kwamba siku hiyo tumaini lilikatika."

"Kilichokatika ni uzi, mwanangu. Uzi mweusi uliniishia, na duka la ushirika lilikuwa limefungwa mpaka Jumatatu. Jumatatu nikasahau."

Jamani. Nilikuwa ukumbini siku hiyo, na nawaambia kuna waandishi wa habari waliojifunika uso kwa karatasi ili wasionekane wakicheka. Rusanda aliwaka. Mtu akiumbuliwa mbele ya watu mia tatu ana mawili, kulia au kupigana, na Rusanda huyu si wa kulia.

"Bibi, kwa heshima zote, nani kasema wewe ndiye uliyeanza? Huenda uliiga kwa bibi yangu."

Zamfira akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Nami nikuulize moja. Mkono wa kushoto wa blauzi ya Saveta umewahi kuuona?"

Rusanda aligeukia blauzi zake kumi na mbili jukwaani.

Hajawahi. Kila alipoenda kuchora, bibi yake alitoa blauzi sandukuni ikiwa imekunjwa, mkono wa kushoto umefichwa ndani. Chora huu, mwanangu, alimwambia, halafu urudie upande wa pili, mikono hufanana. Rusanda akachora mmoja, akarudia. Miaka mitatu, na wala hakuwahi kuinua ule mkunjo.

"Nilijua," alisema Zamfira. "Blauzi mpya kwetu hushonwa pazia limeshushwa. Haionwi na mtu mpaka asubuhi ya Pasaka, kanisani, na siku hiyo kila mwanamke anasali huku akiiba nakshi za wenzake kwa macho. Familia yetu ilisimama upande wa ukutani. Mkono wangu wa kushoto uligusa ukuta tangu mwanzo wa ibada mpaka mwisho. Aliyeniibia aliiba wa kulia tu. Kama Saveta ndiye aliyebuni, mikono yake yote miwili itafanana. Kama aliniibia, wa kushoto alijitungia, maana hakujua wangu ukoje. Nenda kautazame."

Rusanda akampa kipaza sauti. Ndiyo, alimkabidhi adui yake kipaza sauti mbele ya kamera zote. "Yarudie hayo, bibi. Wa nyuma hawajasikia."

Bwana Casian alimkamata kiwiko, akamvuta chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.

"Umerukwa na akili?"

"Bado."

"Sikiliza, binti." Casian ni mtu wa sauti ya chini, na ndiyo hatari yake. "Yule ana miaka themanini na minne. Tunampa kiti cha mbele, tunampa shada, tunapiga naye picha, tunasema ni rafiki wa zamani wa bibi yako. Kesho wamesahau."

"Na kama anasema kweli?"

"Mimi nauza nguo. Hadithi yako imeshachapwa, lebo elfu thelathini ziko ghalani. Mteja ananunua yule bibi aliyesubiri. Bibi mwizi nani atamvaa?"

"Usimwite bibi yangu mwizi."

"Mimi? Ameitwa ukumbi mzima ukisikia." Akatazama saa yake. "Saa kumi na mbili. Ukitia sahihi, unatia sahihi na hadithi ile neno kwa neno. Usipotia, kuna msichana mwingine mkoa wa Maramureș, naye ana bibi, tena anapiga picha vizuri."

"Basi mpelekee huyo msichana kalamu," alisema Rusanda, akachukua ufunguo wa gari.

Alimkuta Zamfira nje tayari, ameketi kwenye ngazi, koti mapajani. Hakuuliza wanakwenda wapi. Aliingia kwenye gari la Rusanda, Dacia kuukuu, akajifunga mkanda.



"Unaendesha kwa hasira," alisema Zamfira.

"Nina hasira."

"Na mimi au na bibi yako?"

"Sijaamua."

"Amua polepole, hiyo ni kona."

Walipita kona. Zamfira akanyoosha koti lake magotini, mara mbili, mara tatu.

"Kuna jambo sikulisema mle ndani, maana si la ukumbini. Barua zile saba zilikuja kwangu. Toader alikuwa mchumba wangu."

Rusanda alikanyaga breki. Lori la mbao nyuma yao lilipiga honi, dereva akawapita akitukana kwa mkono.

"Toader ni babu yangu."

"Najua alivyo kwako. Walimchukua mwaka hamsini na nane. Miaka sita nikapata barua saba, akizileta baba yake Saveta, ndiye aliyekuwa tarishi wa posta kijijini. Mwaka sitini na nne wakawaachia wafungwa wote. Akarudi Brădeni, akapita mbele ya nyumba yetu bila kugeuza shingo. Miezi mitatu baadaye akamwoa Saveta. Mimi nikahamia mjini. Mpaka leo sijui kosa langu."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyekwisha kuyasema peke yake mara nyingi jikoni. Rusanda aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka mitatu amesimulia maisha ya mwanamke huyu kwa watu wasiohesabika, na Zamfira mwenyewe alikuwa akikaa ghorofa ya nne palepale Suceava, vituo viwili vya basi kutoka dukani kwake.

Akawasha gari. "Na sasa nimeamua," alisema.

Bibi Saveta alikuwa uani akiwamwagia kuku mahindi. Ana miaka themanini na miwili na mgongo wake bado umenyooka. Alimwona mjukuu wake, akatabasamu. Kisha mlango wa pili wa gari ukafunguka, na bakuli la mahindi likainama lenyewe mkononi mwake, kuku wakajaa miguuni.

Wanawake wale hawakuwa wamezungumza kwa miaka sitini. Lakini Pasaka ilikuwa imepita wiki moja tu, na katika siku hizo kuna salamu ambayo huwezi kuikataa hata kwa aliyekuchomea nyumba. Zamfira aliijua hiyo, mjanja yule.

"Kristo amefufuka, Saveta."

Saveta alikaza midomo. Kuku walidonoa. Mwishowe akajibu, maana hakuna namna ya kutojibu: "Kweli amefufuka." Na aliyeitikia salamu ya Pasaka hawezi kumwacha mtu getini.

Jikoni kulikuwa na bakuli la mayai mekundu yaliyobaki na nusu ya mkate wa jibini wa sikukuu. Wakakaa, Saveta huku, Zamfira kule.

"Umenenepa," alisema Saveta.

"Na wewe umesinyaa."

"Bibi," Rusanda aliingilia, "fungua sanduku. Nataka kuona mkono wa kushoto."

"Mkono gani?"

"Bibi."

Saveta alimtazama mjukuu wake, akamtazama Zamfira na ile blauzi yake ya rangi ya siagi. Wengine hapo wangelia. Saveta alikunja mikono kifuani.

"Niliiba. Haya, mmesikia? Niliiba kwa macho, kanisani, Pasaka ya sitini na nne. Wiki ya Pasaka sindano haishikwi, kwa hiyo nikafunga mafundo kwenye pindo la kitambaa changu cha kichwa, fundo moja kila ua, nikalala nacho siku saba nisisahau. Hata petali iliyopungua niliiwekea alama. Na mama yako, Zamfira, alimwibia mama yangu nakshi za mabega yote mawili, na hakuna aliyempeleka ukumbini."

"Hilo ni kweli," Zamfira alikiri.

"Na hadithi, bibi?" Rusanda aliuliza. "Nayo uliiba kanisani?"

Hapo mikono ya Saveta ikashuka.

"Ulikuwa na miaka tisa. Ukaniuliza maua haya ni ya nini. Nikujibu nini? Kwamba babu yako alimwandikia barua mwanamke mwingine? Nikasema ni yangu. Ukafurahi. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi. Nilipoiona kwenye lebo zako, nilikuwa karibu kuiamini."

Simu ya Rusanda ikaita. Casian. Saa kumi na moja na nusu. Rusanda akaiweka mezani katikati ya mayai, sauti nje, wote wasikie.

"Uko wapi? Mkataba uko mbele yangu."

"Niko jikoni kwa bibi yangu. Chukua kalamu uandike, Bwana Casian. Saveta hakumsubiri mtu. Aliyesubiri ni Zamfira. Saveta aliuiba mkono wa kulia kanisani. Ua la nne lina pengo kwa sababu uzi uliisha. Hiyo ndiyo hadithi ya Maua Saba kuanzia leo. Ukizitaka blauzi zangu, utazichukua nayo."

"Na wale wanawake wako kumi na watatu? Nao utawalisha ukweli?"

Hilo lilimchoma. Nilijua litamchoma, na Casian alijua pia. Rusanda alishika ukingo wa meza.

"Nitawaambia mimi mwenyewe, mlango kwa mlango, leo hii. Miaka mitatu wameandika ya kweli kwenye vikaratasi vyao. Mwenye uongo alikuwa mimi peke yangu, na nimeuacha. Wakitaka kuniacha na wao, ni haki yao. Wakibaki, tutauza blauzi moja moja kama tulivyoanza."

"Nina lebo elfu thelathini."

"Washia jiko."

Akakata. Biashara yake kubwa kuliko zote ilikuwa imekufa mbele ya sahani ya mayai, na aliyeiua ni yeye.

Saveta alikuwa akimkodolea macho. "Umenitangaza mwizi kwa mtu wa mjini."

"Ndiyo, bibi. Na jina lako nitaendelea kuliweka kwenye kila blauzi, kama ulivyo."

Saveta akanyanyuka. Nilidhani, na nyinyi mngedhani, anakwenda kuubamiza mlango wa chumbani. Alirudi akiburuta sanduku sakafuni, akikataa kusaidiwa.

"Ukitaka kweli, uchukue yote, si kipande."

Akatoa blauzi, akaikung'uta, akaikunjua mikono yote miwili juu ya meza. Wa kulia ulikuwa uleule ambao nusu ya Romania inaujua. Wa kushoto haukufanana nao hata kidogo. Ulitariziwa kwa uzi mwekundu, maua madogo yenye mashina marefu yanayopindana, mshono laini usio na fundo hata nyuma. Bibi yake alikuwa mbunifu, tena mkubwa, na aliuficha ubunifu wake miaka sitini akionyesha wa kuiba.

Zamfira akavaa miwani. "Huu ni mzuri," alisema, na ilimgharimu kusema hivyo. "Huu ni mzuri kuliko wangu." Kidole chake kilitembea juu ya maua, kutoka begani kushuka. Kikafika mwisho. Kikarudi begani, kikaanza upya.

"Nane," alisema.

Saveta aliusogeza ule mkono mwekundu upande wake.

"Barua zilikuwa saba, Saveta."

"Zilizokufikia."

Rusanda alikumbuka tarishi wa posta, baba yake Saveta. Saveta alichukua mkasi wa jikoni, akachana kitambaa kilichogundishwa chini ya sanduku, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa bahasha. Ilikuwa ya kahawia, nene, na jina la Zamfira lilikuwa juu yake kwa mwandiko wa Toader, ambao Rusanda aliujua kutoka kwenye Biblia ya nyumbani. Mdomo wa bahasha ulikuwa bado umegundishwa.

"Hizo saba nilizisoma zote kabla yako," Saveta alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mzee sana. "Nilizifungua kwa mvuke wa birika, nikazigundisha, baba akakuletea. Hii ilikuja wiki moja kabla hawajaachiwa. Ilikuwa nzito. Nikaogopa yaliyomo. Nikasema nitaisoma kesho, halafu nitakupa. Kesho yake tena nikasema kesho. Halafu akarudi, na wewe hukuwepo stesheni, na mimi nilikuwepo."

Zamfira aliinuka nusu, akaketi tena. Nilitegemea atamrushia yai, sahani, meza. Akavua miwani.

"Macho yangu hayatafika. Isome wewe, mtoto. Si kazi yako ni hadithi?"

Rusanda akaichana bahasha. Karatasi tatu, zimeandikwa pande zote. Akasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo. Akaigeuza bahasha, akasoma jina lililo juu, akarudi kwenye karatasi.

"Soma," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Jina la nje ni lako, Bibi Zamfira," alisema Rusanda. "Lakini humu ndani hakukuandikia wewe."

Akamgeukia bibi yake, akasoma:

"'Saveta, najua utaifungua wewe kwanza, kama ulivyozifungua zile saba.'"